Wanafunzi wa Udaktari na Lugha ya Wodini

Historia ya mafunzo ya udaktari katika Afrika ya Mashariki yaweza kusomwa kwa majengo yake. Hapa nakusudia kuisoma kwa lugha yake. Makerere ilianza kufundisha udaktari mwaka 1924, kwa Kiingereza. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika. Shule hiyo ikawa kitivo mwaka 1968, chuo kishiriki mwaka 1991, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Jina limegeuka mara kwa mara. Lugha ya kufundishia haikugeuka.

Wanafunzi wenyewe wasemaje? Wale niliopata kuzungumza nao hawakuafikiana. Baadhi yao washikilia kwamba Kiingereza ndicho mlango wa vitabu, na kuufunga ni kujidhulumu. Wengine wasema walifundishwa maradhi kwa lugha moja, kisha wakapelekwa wodini kuyauliza kwa lugha nyingine, ambayo hawakufunzwa kuitumia kwa kazi hiyo.

Lalamiko hili la pili si dogo. Mgonjwa atajaye “mshipa” aweza kukusudia mshipa wa damu, wa fahamu, au uvimbe wa korodani. Mama asemaye mwanawe ana “degedege” ataja mtukutiko ambao daktari huweza kuuhusisha na malaria kali; lakini wako wanaolihusisha neno hilo na ndege na pepo, nao huanza kwa mganga wa jadi. Mwanafunzi asiyeyajua hayo amelisikia neno, hakuipata habari.

Wala jambo hili si geni. Katika karne ya 18 William Cullen alifundisha udaktari huko Glasgow kwa Kiingereza badala ya Kilatini. Lakini wanafunzi wa Edinburgh waliendelea kuandika tasnifu zao kwa Kilatini hata karne ya 19. Lugha ya mgonjwa iliingia darasani kabla ya kuingia katika mtihani.

Basi, pande zote mbili zina haki. Vitabu na vibaki, lakini Kiswahili cha kumhoji mgonjwa kifundishwe tangu mwaka wa kwanza, na kitahiniwe. Kuyakusanya maneno ya wagonjwa, pamoja na maana zake mahali mbalimbali, ni kazi yetu sisi wanalugha. Tusiwaachie wanafunzi wayaokote peke yao kitandani pa mgonjwa.