Motokari za Waya: Ufundi wa Watoto wa Lubumbashi na Historia ya Shaba

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Katika komine za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, wazee wengi wanakumbuka sauti moja ya utoto wao: magurudumu ya vizibo vya chupa yakikwaruza udongo mwekundu. Mtoto anakimbia wima, mkononi ameshika waya ndefu yenye usukani wa mviringo juu yake, na mbele ya miguu yake motokari ndogo inakata kona kufuatana na usukani ule. Haina betri, na hakuna duka iliponunuliwa. Imejengwa na mwenyewe, au na yaya wake, kwa waya iliyookotwa.

Watu wengi wanauita ufundi huu mchezo tu. Lakini ukifuata waya ile inakotoka, unakutana na historia yote ya mji huu: shaba, reli, kampi za wafanyakazi, vita na uhamisho.

Wengine wananunua sanduku

Huko Marekani, Ulaya na Japani, kujenga motokari ndogo ni kazi ya mapumziko ya watu wazima wengi. Wananunua sanduku lenye vipande vya plastiki, gundi pembeni, na karatasi inayoonyesha kipande namba 1 kinaingia wapi na namba 2 wapi. Vipimo vinafuatwa kwa ukali: kila sehemu ya gari la kweli inagawanywa mara 24 au mara 25. Kampuni ya AMT ya Marekani ilijulikana sana kwa kazi hiyo, na magari yanayopendwa ni yale ya nguvu ya miaka ya 1960, kama Ford Mustang na Pontiac GTO ya mwaka 1964, pamoja na magari ya zamani ya mashindano.

Hata Afrika ya Mashariki imeingia katika masanduku hayo. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita katika matope na vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z, na gari la aina ile likashinda tena mwaka 1973. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetengeneza sanduku la gari hilo, na mtu aliye Osaka anaweza kuijenga mezani kwake motokari iliyopata sifa barabarani Afrika.

Mtoto wa Katuba hana sanduku wala karatasi ya maelezo. Anasimama kando ya barabara, anaangalia lori linapita, halafu anarudi nyumbani na lori zima kichwani. Vipimo anavipata kwa macho.

Waya ilikuwako kabla ya motokari

Kukunja waya si ujuzi ulioletwa na wazungu katika eneo hili. Mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote kufika. Waliimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba ile ikatumika kama mali na kama fedha. Imekutwa katika makaburi ya zamani ya bonde la Upemba, na pia mbali sana kusini, Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi. Katika makaburi ya Ingombe Ilede, pamoja na misalaba, kulikutwa vyombo vya kuvutia waya. Maana yake, mamia ya miaka iliyopita watu wa ukanda huu walijua kuchukua shaba, kuipitisha katika tundu jembamba na kuivuta mpaka iwe nyembamba kama uzi.

Katika karne ya 19 Bayeke, waliotoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, walijulikana kwa kazi hiyohiyo. Mji wao mkuu ulikuwa Bunkeya, chini ya mwami Msiri. Mafundi wao walivuta waya ya shaba na kuizungusha kuwa bangili, na bangili zile zilisafiri mbali katika biashara. Mwami Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na Katanga ikaingia mikononi mwa Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II. Shaba haikubadilika. Waliobadilika ni wale walioamua iende wapi.

Reli, kampi na makopo

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika, na mji wa Elisabethville ukazaliwa. Mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi lilianza kutoa shaba, na pembeni yake mlima mweusi wa mabaki ukaanza kukua. Mlima ule na bomba la moshi ndiyo alama za mji mpaka leo.

Mwanzoni kampuni ilitaka wanaume tu, wafanye kazi miezi michache na kurudi kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia: ikaanza kuwaandika watu kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waje na wake zao. Hapo ndipo kampi za wafanyakazi zilipojaa watoto. Mtoto aliyezaliwa kampini alikula posho ya kampuni, alisoma shule ya kampuni, na king'ora cha kampuni ndicho kilichokuwa saa ya nyumba yao.

Mtoto yule aliona mashine kila siku. Aliona treni, malori, mabehewa ya madini. Mwaka 1925 kikundi kimoja cha msafara wa Citroën uliovuka Afrika kilipita Elisabethville kikielekea Cape Town, na magari yenye minyororo nyuma mahali pa magurudumu. Na pamoja na mashine kulikuja takataka zake: waya za kufungia mizigo, makopo ya maziwa na ya samaki, vipande vya mpira, spoki za kinga zilizovunjika. Katika kampi ya mji wa viwanda, mtoto maskini hana pesa, lakini vyuma viko kila mahali.

Namna motokari inavyojengwa

Kazi inaanza kwa kuchagua waya. Waya nene inakuwa shasi, yaani mifupa ya gari. Waya nyembamba ni ya kufungia. Hakuna moto wa kuunganisha, kwa hiyo kila kiungo kinafungwa kwa kuzungusha waya nyembamba mara nyingi na kukaza kwa koleo. Asiye na koleo anatumia mawe mawili na meno, ingawa mama akiona anapiga kelele.

Kwanza zinanyooshwa waya mbili ndefu, sawasawa kabisa. Zikipishana hata kidogo, gari litakwenda upande kama kaa. Halafu zinawekwa waya za kukatiza, kisha boneti, kioo cha mbele, paa na milango. Sehemu hiyo ndiyo inayotambulisha aina. Volkswagen inataka mgongo wa mviringo. Land Rover inataka pembe kali na gurudumu la akiba juu ya boneti. Lori la mizigo linataka magurudumu mawili mawili nyuma, na mtoto aliyeweka moja moja atachekwa na wenzake.

Magurudumu yana ngazi zake. Anayeanza anatumia vizibo vya bia ya Simba vilivyopondwa kuwa bapa. Aliyeendelea anakata soli ya kiatu cha mpira kwa umbo la duara, au anakunja waya kuwa duara na kuizungushia mpira wa ndani wa kinga ili isipige kelele. Fundi wa kweli anaweka springi: anazungusha waya nyembamba kwenye msumari, anautoa msumari, na kilichobaki kinabeba gari likiruka juu ya mawe.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mbele. Ekseli ya mbele lazima igeuke. Waya ndefu ya usukani inashuka kutoka mkononi, inapita katika pete ndogo juu ya gari, inafika chini na kukunjwa ili isukume ekseli kushoto au kulia. Mtoto wa miaka 10 anayefaulu hapo ameelewa jambo ambalo mwalimu wa ufundi anahitaji ubao na chaki kulieleza: mzunguko unageuzwa kuwa msukumo. Hakuna aliyempa alama kwa hilo. Alama yake ni gari kukata kona bila kuanguka.

Hukumu inatolewa na watoto wenyewe. Wanaliangalia gari, wanataja aina yake. Wakilitaja jina sahihi bila kuambiwa, kazi imefaulu.

Miaka ya kukimbia

Historia ya Lubumbashi ni pia historia ya watu waliofungasha usiku. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya Baluba waliogopa kuuawa katika mitaa yao, wakajikusanya karibu na askari wa Umoja wa Mataifa pembeni ya Elisabethville, katika kampi ya vibanda. Mwaka 1962 walisafirishwa kuelekea Kasai na kaskazini ya Katanga. Mwaka 1992 na 1993 ilikuwa zamu ya familia zenye asili ya Kasai kufukuzwa. Kwenye vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi watu walilala nje wakingoja treni, na wengi walikufa pale au njiani. Baadaye wakaja watu waliokimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono, na mpaka leo kuna familia zinazofika bila kitu.

Mzazi anayekimbia anabeba mtoto, chungu, blanketi, karatasi za shule kama amezipata. Motokari ya waya inabaki, ikakanyagwa. Lakini ujuzi wa kuijenga unakwenda na mikono. Hakuna askari anayeweza kuupora. Mtoto akifika mahali pageni ambapo lugha yake haisikiki vizuri, anahitaji waya tu na vizibo vinne. Gari likikata kona, watoto wa pale watakuja kuangalia, na baada ya hapo wanaanza kuitana kwa majina.

Shaba inayokwenda na inayorudi

Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni iliyozaliwa ikaja kuitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, fedha za kutengeneza mashine hazikuwapo, nchi ikaingia katika vurugu, na uzalishaji ukashuka mpaka chini ya tani 30,000. Kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 waliachishwa kazi katika mpango uliopewa fedha na Benki ya Dunia. Ukaitwa kuondoka kwa hiari. Familia nyingi zilizouishi hazioni hiari iko wapi.

Baba aliporudi nyumbani bila kazi, mikono ya watoto nayo ilianza kutafutiwa kazi nyingine. Wengi walikwenda kuokota na kuosha madini. Kuna tofauti kubwa kati ya mtoto anayechokora jalala akitafuta waya ya kujengea motokari na mtoto anayeingia shimoni akitafuta jiwe la kuuza. Mikono ni ileile. Wa kwanza anajifunza. Wa pili anatumiwa.

Mwaka 2019 wasanii wa Lubumbashi walilileta jambo hili mbele ya watu wote. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa hapa mwaka 1974, ni fundi wa umeme kwa masomo, na anajulikana kwa mashine anazozijenga kwa katoni na waya. Yeye na wenzake, katika mradi ulioshirikisha kituo cha Picha cha Lubumbashi, walijenga kwa waya ya shaba gari la umeme la Tesla. Ni ufundi uleule wa watoto: mifupa ya waya, viungo vya kufunga. Lakini maana ilikuwa nzito. Gari moja la umeme linahitaji kilo 80 hivi za shaba, na gari la petroli kilo 23 hivi. Kongo sasa iko kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa kutoa shaba, na ni ya kwanza kwa kobalti ya betri. Motokari hizo zinaanzia hapa, lakini anayeishi hapa anaziona kwenye simu.

Kitu kinachostahili kutunzwa

Motokari ya waya haidumu. Mvua mbili tatu, kutu inaingia. Mtoto anakua, gari linatupwa. Ndiyo maana historia yake haikuandikwa sana, ingawa karibu kila nyumba ya mji huu imewahi kuwa nayo moja. Tangu mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi, kilionyesha kwamba kumbukumbu za watu wa kawaida zinaweza kukusanywa kwa kuwauliza wao wenyewe. Kazi hiyo inaweza kufanywa pia nyumbani. Babu anaweza kuulizwa alijenga gari gani la kwanza, waya aliitoa wapi, nani alimfundisha kukunja ekseli. Anayeishi katika kampi ya waliohama anaweza kuulizwa watoto wa kwao walitumia nini kama magurudumu. Majibu yaandikwe, au yarekodiwe kwenye simu, pamoja na jina la fundi na la mtaa wake.

Na mtoto akisimama mlangoni na motokari yake ya waya, asiambiwe aondoe takataka ndani ya nyumba. Aulizwe kwanza ni gari la aina gani.