Nyakati za Kitenzi Baina ya Pwani na Ziwa Nyasa

Huko Liuli, bandari ya ziwani ambayo zama za utawala wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, amezikwa William Percival Johnson, padri wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefariki mwezi wa Oktoba 1928. Alifika Unguja mwaka 1876, Edward Steere akiwa askofu, tena mwandishi wa kitabu cha Kiswahili kilichotoka mwaka 1870 na kusomwa na wageni wengi. Kisha Johnson akashika njia ya bara, na sehemu kubwa ya umri wake uliosalia akaitumia kandokando ya ziwa, akihubiri na kufasiri Biblia kwa Kinyanja.

Safari ya kutoka Kiswahili kwenda Kinyanja huonekana fupi kwa mtu atazamaye majina. Maji ni madzi, mtu ni munthu, na moto ni moto. Lakini katika vitenzi kuna shimo lililofunikwa kwa majani. "Ninapita," asema mtu wa pwani, na miguu yake i njiani. "Ndinapita," asema Mnyanja, na mwendo wake umekwisha. Silabi ni ile ile, -na-, nayo imekaa mahali pale pale baina ya nafsi na shina. Huku yatangaza jambo linalotendeka, na kule jambo lililokwisha kutendeka. Kadhalika -ka-. Mswahili akisema "ukapita" huendeleza kisa alichokianza; Mnyanja akisema "ukapita" huweka sharti, kama vile mtu wa Unguja asemavyo "ukipita". Mhubiri asiyelijua hili aweza kugeuza habari ya leo kuwa ya zamani, na kisa kuwa sharti, bila ya kukosea hata herufi moja.

Upande wa pili wa milima, katika nchi ya Wangoni na Wamatengo, waliingia Wabenediktini waliosema Kijerumani. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898 na Cassian Spiss, mzaliwa wa Tiroli. Mwaka 1904 yalichapishwa Berlin maandiko yake juu ya Kingoni na Kisutu. Mwaka uliofuata, akiwa askofu, aliuawa karibu na Liwale katika siku za mwanzo za vita vya Maji Maji. Mwenzake, Johannes Häfliger wa Kigonsera, alitoa kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Ni kazi ya kushukuriwa. Walakini kamusi huhifadhi majina ya mashimo, mbegu na miti. Haihifadhi vema namna watu wanavyoihesabu jana, juzi na zamani. Sarufi ya Kimatengo ilingoja sana wachunguzi wake, na mmoja wa waliokuja kuichunguza kwa bidii katika miaka ya karibu ni Nobuko Yoneda, mtaalamu kutoka Japani.

Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa walitofautiana katika mengi, lakini wote walikuja na kipimo kimoja mkononi. Katika ujana wao walikaririshwa Kilatini: amo, amabam, amabo, amavi, amaveram, amavero. Nyakati sita, si zaidi. Mtu aliyezoea kabati lenye droo sita, apewapo nguo za nyumba nyingine, hutafuta droo ya kila nguo, na ile isiyoingia huikunja kwa nguvu. Ndiyo maana katika sarufi za kale -li-, -me-, -na- na -ta- zilipata viti vyake upesi, na -ki-, -ka- na hu- zikahangaika mlangoni. Haikuwa mpaka mwaka 1944, alipotoa E. O. Ashton sarufi yake, ndipo wasomaji wengi walipofundishwa kuuliza silabi hizo zinafanya kazi gani kabla ya kuuliza zinaitwaje.

Kwa Kifaransa, aliyeifanya kazi hii kwa upana zaidi ni Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo misheni yake ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868. Alifika mwaka 1879. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891; sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ikatoka mwaka 1909, mwaka ule ule wa kamusi ya Kimatengo ya Häfliger. Sifa yake kubwa ni kwamba hakukubali kuwa Kiswahili ni Kiunguja peke yake: alikusanya lahaja nyingi za pwani. Hata hivyo wasomaji wake walikuwa Wafaransa, na kila Mfaransa ana nyakati zake mdomoni.

Leo njia hiyo hupitwa kinyume. Kifaransa ni mojawapo ya masomo ya hiari katika shule za sekondari za Tanzania, na kijana aliyezaliwa Mbinga au Mbamba Bay, akikianza, hukutana na jedwali lile lile likimtazama kutoka upande wa pili. Je mange: hii ni ninakula, au nala, au mimi hula? Ni zote tatu. Kifaransa kina wakati mmoja pale ambapo Kiswahili kina tatu, na ni maneno ya kando, kama vile kila siku au sasa hivi, yanayoonyesha ni upi uliokusudiwa. Je mangeais, wakati uitwao imparfait, ni nilikuwa nikila; lakini pia ni ile desturi ya utotoni ambayo Kiswahili huieleza kwa maneno mawili au zaidi. Hapo mwanafunzi hana taabu kubwa, maana mfasiri wake hurefusha tu.

Taabu imo katika passé composé. Vitabu husema kwamba j'ai mangé ni nimekula, na kwamba ni nilikula. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu katika Kiswahili hayo si mamoja. Nilikula ni jambo lililopita na mlango wake umefungwa. Nimekula ni jambo lililopita ambalo tumbo lingali likilishuhudia, na mwenyeji akikukaribisha mezani ndilo jibu lako. Tena -me- hutoka kabisa nje ya wakati uliopita. Mtoto amelala: Mfaransa husema il dort, kwa wakati uliopo. Amesimama ni il est debout. Amechoka ni il est fatigué. Akifasiri amelala kwa il a dormi, atakuwa amemwamsha mtoto. Wanaisimu wengi wameona asili ya -me- katika kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, na asili hiyo yaeleza mengi: lililomalizika si lazima liwe limekwenda zake, laweza kuwa limekaa mbele yetu.

Wakati ujao ni mwepesi zaidi, nao una historia ya kupendeza. Kiswahili hudhaniwa kuwa kiliipata -ta- katika kutaka. Kifaransa kilifanya je mangerai kwa kulibandika nyuma ya kitenzi neno la Kilatini lenye maana ya kuwa na kitu: nina kula, yaani imenipasa kula. Na kwa kesho iliyo karibu husema je vais manger, naenda kula. Mnyanja naye huweka -dza-, ambayo ni sura ya kudza, yaani kuja. Basi katika kuingojea kesho, Mfaransa huondoka nyumbani na Mnyanja huja. Atakaye kucheka na acheke, lakini kila mmoja amechukua kitenzi cha kawaida na kukifanya saa.

Kuna umbo moja ambalo Kifaransa hakina njia ya kulitia ndani ya kitenzi, nalo ni -ja- ya hajafika. Il n'est pas encore arrivé hulieleza kwa neno encore lililotoka nje. Katika hajafika, matarajio yamo ndani ya kitenzi chenyewe: anayesema hivyo bado amefungua mlango. Hakufika ni kinyume chake, chakula kimekwisha kuondolewa. Mwalimu wa Kifaransa atakayepuuza tofauti hii atawapa wanafunzi kanuni sahihi na barua za matusi.

Lakini jambo zito kuliko yote ni kifo. Il est mort: amekufa, au alikufa? Mfaransa hatoi jawabu mpaka sentensi iendelee. Johnson est mort à Liuli en 1928. Hapo mwaka umetajwa, nasi twaandika alifariki. Aliyeipeleka habari hiyo kwa Kiswahili siku ile ya Oktoba hakuwa na budi kusema amefariki, nasi leo hatuwezi kuliazima neno lake. Mfaransa angetumia est mort siku zote mbili. Mnyanja angesema wamwalira siku ile, na leo anamwalira. Na msomaji wa pwani, akilikuta neno hilo la mwisho limeandikwa, ataiona -na- na kudhani kwamba padri angali anakata roho.