Tonge lipite: zaidi ya miaka mia ya kupambana na saratani ya umio

Kwa takriban miaka 13 mama mmoja wa New York alikula kwa mpira uliopita nje ya mwili wake. Alitafuna na kumeza kama watu wengine, lakini chakula kilitokea kwenye tundu lililotobolewa juu ya kifua, kikaingia kwenye mpira, kikapita juu ya ngozi na kuzama tumboni kwa tundu la pili. Umio wake ulikuwa umeondolewa tarehe 14 Machi 1913 na daktari Franz Torek, yeye akiwa na umri wa miaka 67. Ndiye mgonjwa wa kwanza anayejulikana kupona baada ya kukatwa saratani ya umio iliyokuwa ndani ya kifua.

Vitabu vya udaktari humkumbuka Torek, na anastahili. Mimi humfikiria zaidi yule mama aliyekubali kuishi na mpira kifuani, kwa sababu kilichompeleka hospitali kilikuwa kimoja: chakula kilikuwa hakipiti. Historia yote ya tiba ya ugonjwa huu naona inafaa ipimwe kwa shida hiyo. Miaka ya kuishi ni kipimo, lakini kumeza nako ni kipimo, na mara nyingi ndicho cha kwanza mgonjwa anachokiuliza.

Umio, ambao wengi wetu tunauita koo tu, ni bomba la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi. Unashuka kutoka shingoni ukiwa umebanwa kati ya uti wa mgongo na njia ya hewa, unapita nyuma ya moyo, unatoboa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, ndipo unaungana na mfuko wa tumbo. Chini ya shingo hakuna sehemu yake iliyo rahisi kufikiwa. Na hata daktari akiufikia, ukuta wake haumsaidii. Utumbo na mfuko wa tumbo vina utando wa nje unaoshika uzi vizuri. Umio hauna utando huo. Mshono wake huachia upesi, na ukivuja ndani ya kifua, mate na chakula humwagika kando ya moyo na mapafu. Enzi ambazo hakukuwa na viuavijasumu, mgonjwa aliyevuja alikuwa ni wa kuagwa.

Ndiyo maana madaktari wa karne ya 19 waliishia shingoni. Theodor Billroth alijaribu kwa mbwa mwaka 1871, na mwaka 1877 Vincenz Czerny wa Heidelberg akamkata mgonjwa kipande cha umio wa shingoni chenye saratani, naye akanusurika. Hata kuuona ugonjwa wenyewe kulihitaji ujasiri. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, huko Freiburg, alimwita mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga mbele ya watu, akamwingizia bomba la chuma lililonyooka ili achungulie ndani.

Kufungua kifua lilikuwa jambo jingine kabisa. Ukikipasua, hewa huingia, pafu hunywea, na mgonjwa hukata pumzi mezani. Mwaka 1904 Ferdinand Sauerbruch, akiwa Breslau, alibuni chumba kilichopunguzwa kanieneo ya hewa: daktari na mwili wa mgonjwa ndani, kichwa cha mgonjwa nje. Kilifanya kazi, ila kilikuwa kikubwa na cha taabu. Miaka mitano baadaye Samuel Meltzer na John Auer, wa New York, wakaleta njia nyepesi: kupitisha mpira kwenye njia ya hewa na kusukuma hewa pamoja na dawa ya usingizi hadi mapafuni. Torek aliitumia njia hiyo. Watoa dawa za usingizi hawatajwi sana katika hadithi za upasuaji, lakini bila wao kisu kisingevuka mbavu.

Baada ya 1913 wengi walimwiga Torek, na wengi wa wagonjwa wao wakafa. Ilipita miongo miwili kabla njia ya kudumu kupatikana, nayo ilikuwa kuachana na mpira wa nje na kuutumia mfuko wa tumbo wenyewe. Daktari huuachanisha mfuko huo na mishipa inayoushikilia, akiubakiza kwa uangalifu mshipa wa damu unaofuata ukingo wake kutokea kulia, kisha huuvuta hadi kifuani na kuushona na kipande cha umio kilichosalia. Mfuko mzima sasa unategemea zaidi mshipa huo. Ukijeruhiwa, au mfuko ukivutwa kwa nguvu mno, nyama ya mwisho wake hufa na mshono huachia. Tohru Ohsawa wa Kyoto alichapisha taarifa za upasuaji wa aina hii mwaka 1933. William Adams na Dallas Phemister wakafanikiwa Chicago mwaka 1938, na Wu Yingkai akafanikiwa Beijing mwaka 1940.

Mwaka 1946 Mwelisi aitwaye Ivor Lewis alieleza mbinu inayobeba jina lake mpaka leo. Alianza kwa kufungua tumbo na kuuandaa mfuko, akamwacha mgonjwa apate nguvu siku kadhaa, kisha akafungua kifua upande wa kulia. Waliomtangulia walizoea kushoto, ambako mshipa mkuu wa damu utokao moyoni huziba njia. Kulia umio wa katikati unaonekana wazi. Kenneth McKeown wa Darlington, mwaka 1976, aliupeleka mshono hadi shingoni, mahali ambapo ukivuja haumwagi uchafu kifuani. Mark Orringer wa Michigan, mwaka 1978, akafufua njia iliyojaribiwa na Mwingereza Grey Turner mwaka 1933: kuutoa umio kwa kupitia tumboni na shingoni bila kupasua kifua.

Ukisoma majina haya unaweza kudhani vita vilikuwa vimekwisha. Havikuwa. Mwaka 1980 Richard Earlam na mwenzake Cunha-Melo walikusanya ripoti 122 zenye wagonjwa 83,783 na kufanya hesabu ambayo hakuna aliyetaka kuifanya. Kati ya wagonjwa 100, walisema, 58 hufunguliwa na 39 huondolewa uvimbe. Katika hao 39, 13 hufia hospitalini. Wanabaki 26 wanaorudi nyumbani. Baada ya mwaka wako 18, baada ya miwili 9, baada ya mitano 4. Waliandika kwamba hakuna upasuaji wa kawaida uliokuwa ukiua kuliko huu. Naiheshimu ripoti hiyo kuliko mafanikio mengi yanayosherehekewa, kwa sababu iliwalazimisha madaktari kumwangalia mgonjwa aliyekufa sawasawa na yule aliyepona.

Mambo yalibadilika kwa njia ambazo hazina shujaa mmoja. Vyumba vya wagonjwa mahututi viliboreka, wagonjwa wakalishwa vizuri kabla ya kisu, upasuaji wa matundu madogo ukapunguza nimonia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba katika hospitali zilizofanya upasuaji huu mara chache sana, takriban wagonjwa 20 kati ya 100 walikufa. Katika zile zilizoufanya mara nyingi, 8. Mikono iliyozoea, na wauguzi wanaojua dalili ya kwanza ya mshono kuvuja, vilikuwa dawa.

Kisha kisu kikakubali msaada. Mwaka 2012 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti uitwao CROSS. Kundi moja lilipasuliwa moja kwa moja. Jingine lilipewa kwanza wiki tano za mionzi na dawa za saratani, ndipo likapasuliwa. Waliotangulizwa tiba hiyo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 49, wengine miezi 24. Kwa aina ya saratani inayoanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya umio, ambayo ndiyo karibu yote tunayoiona Afrika Mashariki, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: miezi 82 kwa 21.

Nasi hapa tuko wapi katika historia hii? Katika miaka ya 1960 Denis Burkitt, daktari aliyekuwa Uganda, alizoea kukusanya taarifa za kila mwezi za saratani kutoka hospitali nyingi za kanda hii. Mwaka 1969 N. Ahmed na Paula Cook wakachapisha kwamba magharibi mwa Kenya saratani ya umio ilikuwa nyingi mno. Ukanda wa wagonjwa wengi unaanzia Ethiopia, unashuka kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi. Mgonjwa hufika akisimulia hadithi ileile: ilianza nyama, ikafuata ugali, sasa ni uji, na juzi hata maji yamegoma. Wakati huo uvimbe umeshika njia ya hewa au umesambaa, na Ivor Lewis hana msaada kwake.

Kwa hao, hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, iliandika ukurasa ambao kwangu una uzito sawa na ule wa New York. Tangu mwaka 1999 madaktari wake walianza kuweka stenti, bomba la nyavu za chuma. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, koo limepuliziwa dawa ya ganzi. Kamera huingia hadi kwenye uvimbe, waya mwembamba hupenyezwa katika kijitundu kilichobaki, na juu ya waya huo hupitishwa stenti iliyobanwa. Ikiachiwa, hutanuka polepole kama mwavuli na kuusukuma uvimbe pembeni. Kwingineko kazi hii iliongozwa na mashine ya eksirei. Bomet walipima kwa alama za sentimita zilizo kwenye kamera yenyewe. Kufikia 2008 walikuwa wamewahudumia wagonjwa zaidi ya 900. Saratani ilibaki, na wengi hawakuishi hata mwaka. Lakini walikula, wakanywa, wakalala bila kutema mate usiku kucha kwenye kopo. Nimewahi kusikia stenti ikiitwa tiba ya kukata tamaa, na sikubaliani hata kidogo.

Utafiti sasa umegeukia siku za mwanzo. Tumbaku na pombe zinajulikana kuwa visababishi. Chai moto inashukiwa kwa sababu za msingi: huko Kilimanjaro watafiti walipima chai wakati wa funda la kwanza na kukuta wastani wa nyuzi 70 hivi za Selsiasi, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyopita nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Afya ya meno na moshi wa kuni vimechunguzwa Eldoret na mjini Moshi.

Chombo cha kuukamata ugonjwa mapema ni cha bei nafuu ajabu. Daktari hunyunyizia umio ayodini ya Lugol kwa kamera. Seli zenye afya huhifadhi wanga wake, hivyo hugeuka kahawia; zilizoanza kuharibika hubaki za njano iliyopauka. Doa hilo linaweza kuchomwa au kubanduliwa kwa kamera hiyohiyo, na mgonjwa akarudi nyumbani bila mbavu zake kuguswa. Katika vijiji vya Cixian, China, watu wa miaka 40 hadi 69 walipimwa hivyo mara moja. Baada ya miaka kumi, waliokufa kwa saratani ya umio walikuwa asilimia 3.35, dhidi ya 5.05 katika vijiji ambavyo havikupimwa.

Bomet nao wamejaribu. Watu 305 wasio na dalili yoyote walijitokeza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016: takriban 14 katika kila 100 walikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Hakuna hospitali inayoweza kupitisha kamera kwenye koo la kila mtu mzima wa Bonde la Ufa. Kinachotafutwa sasa ni namna ya kujua nani aitwe kwanza, na kuwapata wauguzi na maofisa wa kliniki wa kutosha waliofundishwa kuishika kamera hiyo katika hospitali za wilaya na kaunti, karibu na wanakoishi watu hao.