Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: Wapi uweke hela, wapi ubane

Unataka kujiunganishia kompyuta ya gemu mwenyewe? Siri iko kwenye kugawa hela. Kipande kinachochora picha ndicho kile hela nyingi.

Kadi ya picha (GPU): Itengee theluthi ya bajeti au zaidi. Kwa skrini ya 1080p, Radeon RX 6600 ya GB 8 inamudu gemu nyingi.

Prosesa: Ryzen 5 5600 inatosha kabisa. Inakaa kwenye mazabodi za AM4 na RAM za DDR4, ambazo hata za mtumba zipo. Ila bila kadi ya picha, skrini haionyeshi kitu. Hela ikikata, chukua 5600G: inachora picha yenyewe, unaanza na gemu nyepesi, kadi unaongeza baadaye.

RAM: GB 16, kwa vipande viwili vya GB 8. Vikiwa viwili prosesa inasoma vyote kwa mpigo, hivyo kasi inapanda.

Diski: SSD ya GB 500 kwa kuanzia.

Pawa saplai: Hapa usibane. RX 6600 pekee inakula hadi wati 132. Tafuta ya wati 500 yenye alama ya 80 Plus. Ukinunua ya mtumba, angalia swichi ya nyuma: ikiwa kwenye 115 halafu ukaichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, inaungua, na inaweza kuondoka na mazabodi.

Pa kubana: Taa za rangi na kasha la kioo. Vinapendeza, lakini haviongezi kasi ya gemu.