Saratani, Kansa na Donda Ndugu: Historia ya Istilahi za Ugonjwa Mmoja Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mfasiri wa mambo ya tiba, hapana iliyo ngumu kama kutafuta jina la ugonjwa ambao watu wanaogopa hata kuutaja. Makala haya yana nia ya kueleza historia ya majina ya saratani kama yanavyotumika katika pwani ya Kilwa na Lindi, na kuonyesha jinsi utafiti wa karne ya 20 ulivyouvunja ugonjwa uliodhaniwa kuwa mmoja ukawa magonjwa mengi, yenye nyanja nyingi za elimu. Tutajaribu kuthibitisha kwamba istilahi katika suala hili si pambo la lugha. Jina analoambiwa mgonjwa katika zahanati ya kijijini ndilo linaloamua kama atapanda basi kwenda hospitali kubwa au atarudi nyumbani.

Kaa aliyeingia kwa njia mbili

Waganga wa Kiyunani wa zama za Hippocrates waliuita uvimbe wa aina hii karkinos, yaani kaa. Baadaye Galen alieleza kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa titi huonekana kama miguu ya mnyama huyo. Kutokana na neno hilo zilizaliwa tafsiri mbili. Warumi walilifasiri kwa Kilatini wakapata cancer, nalo ni neno lao la kaa. Waarabu nao walilifasiri kwa lugha yao wakapata saratan, na Ibn Sina akalitumia katika kitabu chake mashuhuri cha tiba, Qanun. Kwa hiyo mabishano yanayozuka mara kwa mara kati ya watetezi wa saratani na watetezi wa kansa ni mabishano juu ya mnyama mmoja. Wa kwanza alitufikia kwa njia ya Kiarabu, wa pili kwa njia ya Kiingereza.

Kilwa ilikuwa na mlango wa njia ile ya kwanza. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1331 aliukuta mji wa Kiislamu wenye sultani na wasomi, na elimu ya Kiarabu ilikuwa na makao katika pwani hii karne nyingi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa. Wajuzi wa falaki walilifahamu neno saratani kuwa ni jina la buruji ya nne, inayofuata Jauza na kutangulia Asadi. Jambo la kutazamwa ni hili: mvuvi wa Kilwa Kivinje anayetafuta kaa mikokoni huweza kutamka saratani maisha yake yote bila kujua kwamba anamtaja kaa. Neno lilifika likiwa limekwisha kupoteza picha yake. Lilibaki jina tupu, na jina tupu huwa chombo kizuri cha kubebea hofu.

Majina ya nyumbani

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kabla ya saratani na kansa wananchi hawakuwa na maneno. Walikuwa nayo, nayo yalifuata jicho. Kilichovimba kiliitwa uvimbe, au tezi kama kilikuwa cha duara chini ya ngozi. Kidonda kilichoenea na kula nyama bila kupona kiliitwa donda ndugu. Wazee walitazama mwenendo wa kidonda wakakipa jina kwa mwenendo huo, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki. Elimu ya tiba imethibitisha kwamba kidonda cha mguu kilichokaa miaka mingi huweza kugeuka saratani ya ngozi.

Udhaifu wa majina haya ni kwamba yanaishia pale jicho linapoishia. Saratani ya ini haina donda, na ile ya damu haina uvimbe wa kushikwa kwa mkono. Isitoshe, donda ndugu nyingi si saratani, na uvimbe mwingi hauna madhara. Mhudumu anayefasiri saratani kwa neno uvimbe huwa amemwambia mgonjwa jambo dogo mno. Anayefasiri uvimbe wowote kwa neno kansa huwa amemwambia jambo kubwa mno.

Neno la Kimakonde na ramani ya daktari

Katika miaka ya 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, wilaya ya Newala, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Lindi na Kilwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Watafiti waliuandika kwa jina la wenyeji, chikungunya, lenye maana ya kile kinachomkunja mtu. Neno hilo la Kimakonde leo limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mwaka 1959 ugonjwa wa jamii hiyo ulizuka Uganda, nao ukaandikwa kwa jina la Kiacholi, o'nyong-nyong. Yote mawili husababishwa na virusi vinavyobebwa na mbu.

Msomaji atauliza: haya yanahusianaje na saratani? Yanahusiana kwa sababu elimu ya mbu na virusi ya Afrika Mashariki ndiyo iliyofungua mlango mmoja mkubwa wa utafiti wa saratani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Alipotazama zaidi aligundua watoto wengi wenye hali hiyo, na mwaka 1958 alichapisha maelezo yake akiuita ugonjwa huo sarkoma ya taya. Wataalamu waliochunguza nyama za uvimbe huo kwa hadubini walionyesha kwamba haukuwa sarkoma bali limfoma, yaani saratani ya chembe za mfumo wa limfu. Jina la kwanza lilikuwa na kosa, na kulisahihisha kulikuwa ni hatua ya utafiti wenyewe.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Kwa majuma 10 walipita maili zipatazo 10,000, yaani kilomita 16,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unajulikana. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha ukanda unaokata Afrika ya tropiki, wenye mkia unaoshuka katika pwani ya mashariki. Ugonjwa ulipatikana katika nchi za chini zenye joto na mvua, na ulitoweka kwenye miinuko yenye baridi. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alitambua kwamba mpaka huo wa mwinuko kwa hakika ni mpaka wa joto, mfano wa mipaka ya magonjwa ya mbu. Pwani ya Kilwa na Lindi, yenye joto, mvua na malaria, ina sifa zote za nchi zilizotiwa alama katika ramani hiyo.

Kuchanua kwa nyanja

Kutokana na ugonjwa huo mmoja tunaweza kuona jinsi nyanja za utafiti zilivyozaliwa moja baada ya nyingine, na kila moja ikadai maneno yake.

Wa kwanza ulikuwa uwanja wa virusi. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona kwa hadubini ya elektroni virusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa virusi kuhusishwa hivyo na saratani ya binadamu. Kwa kuwa virusi hivyo vimeenea duniani kote ilhali limfoma hiyo haikuenea hivyo, watafiti waliitazama malaria kuwa mshirika wake. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa Mara Kaskazini, hapa Tanzania, walipewa vidonge vya klorokwini ili kujaribu wazo hilo. Matokeo yake hayakutoa hukumu ya mwisho, lakini uhusiano wa malaria na ugonjwa huo sasa unakubaliwa na wataalamu.

Kisha ukaja uwanja wa urithi. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba katika chembe za limfoma hiyo kipande cha kromosomu ya 8, chenye jeni inayosukuma chembe kuzaana, huhamia kwenye kromosomu ya 14, na hapo jeni hiyo hukosa kizuizi. Uwanja wa dawa nao ulikuwa umeanza mapema. Burkitt na wenzake waliona uvimbe ukinywea kwa dawa za kemikali, na mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Kampala, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mojawapo ya dawa za ugonjwa huo hutokana na vinka, mmea wa asili ya Bukini wenye maua madogo ya waridi au meupe, ambao hupandwa nyuani na pia huota wenyewe mchangani katika pwani yetu.

Wa mwisho tutakaoutaja ni uwanja wa mazingira na kinga, ambao ndio unaomgusa zaidi mwananchi wa Kilwa na Lindi. Kichocho cha mkojo huweza, baada ya miaka mingi, kuleta saratani ya kibofu, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtia minyoo wa kichocho hicho katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota juu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, virusi vyake vilitambuliwa na Harald zur Hausen na wenzake mwaka 1983, na Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2018.

Maneno ya njiani na ya wodini

Bunge lilipounda mwaka 1996 taasisi ya taifa ya ugonjwa huu, katika hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, jina lililokaa katika Kiswahili ni Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kwa hatua hiyo saratani ilipata kiti cha serikali, na kansa ikabaki mitaani. Lakini wananchi walipata neno la tatu. Wengi hawasemi saratani wala kansa. Husema tu kwamba fulani amepelekwa Ocean Road, na msikilizaji hunyamaza.

Kwa mtu wa Lindi maneno hayo yalikuwa na uzito wa pekee. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Dar es Salaam kwa barabara alivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yalipoharibu barabara safari ilichukua siku nyingi. Sasa njia imefunguka, lakini bado mtu hasafiri mwendo huo kwa sababu ya neno asilolielewa. Ndiyo maana tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, saratani itumike kuwa jina la jumla, na daima lifuatwe na jina la kiungo au aina: saratani ya kibofu, saratani ya ini, limfoma. Aliyetajiwa kiungo huelewa kwamba ana ugonjwa mmoja kati ya mingi, na kwamba mingine hupona. Tuseme mlango wa kizazi badala ya shingo ya kizazi, kwani asikiaye shingo kwa mara ya kwanza huweza kuishika shingo yake.

Pili, maneno yaliyozaliwa wodini yasidharauliwe. Wagonjwa wenyewe husema wamechukuliwa kinyama wakati kipande cha uvimbe kinapokatwa kwa uchunguzi. Neno hilo ni fupi, linaeleweka, na halitishi. Vivyo hivyo tiba ya mionzi, hatua ya ugonjwa, na tiba shufaa kwa uangalizi wa mgonjwa asiyetarajiwa kupona.

Tatu, maneno ya kigeni yaingie pale tu yanapobeba tofauti ambayo hatuna njia nyingine ya kuieleza. Sarkoma na kasinoma ni maneno ya lazima kwa mwalimu wa tiba, ingawa msomaji makini atatambua kwamba katika kasinoma yule kaa wa Kiyunani ameingia tena, kwa mlango wa tatu.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha kwamba pwani yetu haikuwa mpokeaji wa maneno tu. Kusini mwa Tanzania kuliipa dunia neno chikungunya, kwa sababu mtafiti alikubali kusikiliza jinsi mgonjwa anavyoueleza mwili wake. Burkitt alikosea jina, akasahihishwa, na kutokana na usahihisho huo elimu ikasonga mbele. Kamati zetu za istilahi zinaweza kufanya vilevile: zikae na wauguzi wa Kilwa na Lindi kabla ya kukaa na makamusi, na zisione haya kubadili neno lililothibitika kuwa linampotosha mgonjwa. Mama anayetoka mashambani na kijikaratasi cha rufaa mkononi ana haki ya kujua kimeandikwa nini, kwa lugha yake, kabla hajapanda basi.