Projekta na Sauti ya Mwalimu: Historia Fupi kwa Mnunuzi wa Mwambao wa Tanganyika

Walimu wa Kiswahili wa Rumonge na Nyanza-Lac wanapotuuliza wanunue projekta ya aina gani, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni mwanga wake: lumeni ngapi? Si swali baya, na tutalijibu. Hata hivyo, tukiitazama historia ya picha za ukutani katika eneo letu, tunaona kwamba lililoamua manufaa ya kifaa mara nyingi lilikuwa jambo jingine, yaani kifaa kilimwachia nani nafasi ya kusema, na kwa lugha gani.

Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, lipo jiwe lenye tarehe ya 25-XI-1871, siku Livingstone na Stanley walipofika hapo. (Wanafunzi wetu wengi bado huandika kuwa walikutana hapo kwa mara ya kwanza, walikutana Ujiji.) Miaka 17 kabla ya hapo, katika safari yake ya kuelekea Luanda, Livingstone alikuwa na taa ya picha iliyotumia mabamba ya vioo. Januari 1854 alimwonyesha mtawala Shinte picha ya Ibrahimu akiinua kisu juu ya mwanawe. Alipoliondoa bamba, kisu kikaonekana kinawaendea wanawake waliokuwa wakitazama, nao wakakimbia. Pamoja na hofu hiyo, Livingstone aliandika kwamba hakuna njia nyingine ya kufundisha ambayo watu walimsihi airudie. Taa yenyewe ilikuwa bubu. Kila picha ilingoja mtu wa kuieleza, na watu waliweza kuuliza.

Mfano unaotufaa zaidi ni ule wa Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937 ulifanyika hapo mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Meja Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, na Latham upande wa elimu. Wao pia walilazimika kuchagua vifaa. Walichagua filamu ya milimita 16 badala ya 35, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei, nyepesi kubeba, na haikuwaka moto ovyo kama filamu kubwa za wakati ule. Kuhusu sauti, hawakuichapa kwenye filamu. Waliirekodi kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha. Hivyo basi, filamu moja kuhusu minyoo ya safura au benki ya akiba ya posta iliweza kusema Kiswahili leo na Kiganda kesho, kwa kubadilisha sahani tu. Mitambo ilisafirishwa kwa lori, likazunguka makoloni kadhaa ya Waingereza.

Kwa maoni yetu, kuitenga sauti na picha ndiko kulikokuwa uamuzi bora wa mradi ule, ingawa sahani zilikwaruzika na kuzilinganisha na picha kulihitaji mkono mtulivu. Mengine yaliyomo hatuwezi kuyasifu. Filamu nyingi zilijengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ya haraka, dhana ambayo baadaye William Sellers wa Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa 1939, aliifanya kuwa kanuni. Wakati huohuo watu wa mjini Zanzibar walikuwa wameshazoea sinema. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa huko 1921.

Lakini magari ya sinema ya Sellers yalikuwa na kitu ambacho santuri haikuwa nacho: kipaza sauti. Mfasiri alisimama kando ya shuka jeupe akaieleza filamu kwa lugha ya mahali. Ng'ambo ya pili ya ziwa, katika Kongo ya Wabelgiji, wamisionari na maofisa wa habari walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1952 Tanganyika ilipata filamu iliyosema Kiswahili yenyewe, "Muhogo Mchungu", aliyoigiza Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa baadaye. Hata hivyo mfasiri hakutoweka. Alirudi katika mabanda ya video ya Dar es Salaam na Kampala, akawa kipenzi cha watazamaji.

Turudi Rumonge. Kiswahili cha mwambao huu kilikuja na biashara ya Ujiji, kikakaa katika masoko ya mawese na kwenye mialo ya ndagala. Kuanzia 2008 kilipata nguvu mpya kwa kurejea kwa familia zilizokimbia 1972, ambazo watoto wao walisoma kwa Kiswahili katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Darasani, basi, yumo anayekisema tangu utotoni karibu na anayekianza leo. Projekta inayotiririsha video kutoka mwanzo hadi mwisho itawanyamazisha wote wawili.

Kwa hiyo, kabla ya lumeni, angalia kitufe cha kuisimamisha picha na kile cha kuifunika bila kuzima mashine. Picha ya mtumbwi ikisimama, mwanafunzi anasimulia. Ikifunikwa, anasimulia kwa kumbukumbu. Angalia pia tundu la kutolea sauti, kwa sababu spika ya ndani mara nyingi haitoshi darasa la watu 60, na upande wa kompyuta uwezo wa kuzima sauti ya filamu ili mwalimu au mwanafunzi aseme badala yake.

Umeme ni jambo zito. Projekta ya balbu hutegemea feni kuipoza baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, feni nayo husimama na balbu hubaki na joto lake, jambo linaloweza kufupisha maisha yake. Zile za LED au leza huvumilia zaidi, na taa yake huweza kufikia saa 20,000, wakati balbu nyingi huishia elfu chache. Bei yake ni kubwa zaidi siku ya kununua, ila balbu ya akiba haipatikani Rumonge kwa urahisi.

Sasa lumeni. Lumeni 3,000 juu ya picha ya mita 2 kwa 1.5 zinatosha chumba chenye madirisha yaliyofunikwa kwa kitenge. Ukiongeza upana mara mbili, mwanga hugawanyika mara nne. Dai kipimo cha ANSI au ISO, kwani maboksi ya bei rahisi huandika tarakimu za ajabu. Kwa maonyesho ya nje usiku, mbalamwezi haina madhara makubwa. Na hiyo ni heri, maana usiku wa mwezi mpevu ndio wavuvi wa ndagala hupumzisha taa zao na kuwa nyumbani.