Zawadi kwa Mtoto Anayekariri Neno la Mungu



Ninyi mnaosimamia watoto wa Kizito-Anuarite mnalijua swali hili: je, yafaa kumpa mtoto daftari, rozari au peremende kwa sababu amekariri mistari ya Injili? Wengine husema kwamba zawadi huwatia watoto bidii. Wengine hunung'unika kwamba Neno la Mungu halina bei. Mabishano haya ni ya zamani kuliko parokia zetu, na tukiwatazama waliotutangulia tutapata mwanga.

Mwaka 1536, katika mji wa Milano nchini Italia, padri Castellino da Castello alianzisha shule za mafundisho ya Kikristo, zilizofanyika siku za Jumapili na sikukuu. Walimu wengi walikuwa walei kama ninyi. Husimuliwa kwamba watoto wa kwanza waliokuwa wakizurura njiani waliitwa kwa kugawiwa matunda. Mtakatifu Karoli Borromeo, askofu mkuu wa Milano, alizipenda shule hizo na kuzieneza. Alipofariki mwaka 1584, jimbo lake lilikuwa na shule zipatazo 740 na wanafunzi karibu 40,000. Tunda liliweza kumwita mtoto mara ya kwanza. Kilichomfanya arudi ni mwalimu aliyemngojea kila Jumapili.

Mwaka 1599 Wajesuiti walitoa kanuni ya masomo iitwayo Ratio Studiorum. Humo waliweka sheria za zawadi, na katika kila darasa mmoja au wawili waliokariri vizuri zaidi mafundisho ya dini walistahili kutuzwa. Katika mashindano ya kuandika, mwanafunzi hakutia jina lake kwenye karatasi bali alama tu, ili waamuzi wasimjue. Walijua kwamba palipo na zawadi, upendeleo hauko mbali.

Aliyetufundisha zaidi ni Mtakatifu Yohane Mbatista de La Salle, mwanzilishi wa Mafreri wa Shule za Kikristo, ambao baadaye walifika hata Kongo. Mwongozo wa shule zake ulichapishwa mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Unataja zawadi za aina tatu: za uchaji, za akili na za kuhudhuria bila kukosa. Zawadi zenyewe zilikuwa vitu kama vitabu na picha takatifu. Lakini tuangalie utaratibu aliouweka: zawadi ya uchaji ilipaswa kuwa nzuri kupita zote, ya pili kwa uzuri ni ile ya kuhudhuria, na ya akili ilikuja mwisho. Mtoto mzito wa kukariri, ambaye hata hivyo alisali vema na kufika kila siku, hakurudi nyumbani mikono mitupu.

Utaratibu huo ukisahauliwa, mambo huharibika. Katika karne ya 19, shule za Jumapili za Waprotestanti huko Marekani zilitumia tikiti za rangi: mtoto aliyekariri idadi fulani ya mistari alipata tikiti, na tikiti zikiwa nyingi zilibadilishwa kwa kitabu. Watoto wengine walikariri mamia ya mistari bila kuelewa maana yake. Katika miaka ya 1820, viongozi wa shule hizo walianza kuchagua sehemu fupi ya Maandiko kwa kila juma, ili watoto wote wajifunze pamoja na kuielewa. Hata hivyo tikiti hazikusahaulika. Mwaka 1876 mwandishi Mark Twain alizicheka katika hadithi ya mtoto Tom Sawyer, anayejipatia tikiti kwa kubadilishana vitu na wenzake, akatunukiwa Biblia, kisha akashindwa kutaja majina ya mitume wawili wa kwanza.

Basi, historia haituamuru kuacha zawadi. Inatuuliza tunatuza nini. Tukihesabu mistari tu, tutamtuza daima yule yule mwenye akili nyepesi, tena mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna kitabu na taa ya kusomea. Yule anayechota maji kabla ya mafundisho, anayefika miguu ikiwa na matope, atajifunza kwamba Injili ni ya wengine. Hiyo ni hasara ambayo hakuna daftari litakaloifidia.

Kabla ya mashindano yajayo, kaeni pamoja mzungumze. Chagueni sehemu fupi ya Injili, na mtoto akiisha kuikariri, mwulizeni inamwambia nini. Mkumbukeni pia asiyekosa kufika, na anayemsaidia mwenzake kujifunza. Zawadi iwe ndogo, na itolewe mbele ya wote bila upendeleo. Mama Maria aliyaweka maneno moyoni mwake na kuyatafakari. Huko ndiko tunakotaka watoto wetu wafike, wenye wepesi na wenye uzito wa kukariri.